Usisasishe Jumamosi Usiku: Mwongozo wa Matoleo Mapya ya OBS kwa Mrushaji wa Kasulu na Kibondo

Ujumbe wa kwamba OBS ina toleo jipya hauji ukiwa na nafasi. Huja unapofungua programu, na wengi wetu huku nyanda za juu za Kigoma tunaifungua Jumamosi jioni kuandaa ibada ya kesho, au asubuhi ya harusi wakati bwana harusi ameshaanza kupiga simu. Dirisha linakupa njia tatu: sasisha sasa, nikumbushe baadaye, au ruka toleo hili. Bonyeza ya pili. Yanayofuata ni ya kufanya Jumanne.

Mwongozo huu ni wa kijana wa kwaya aliyekabidhiwa kompyuta ya kanisa, mpiga picha wa harusi anayerusha YouTube, na mwalimu anayetaka mahafali ya shule yaonekane Facebook. Nimechukulia kwamba una kompyuta moja, kamera moja au simu mbili, na bando ulilonunua kwa pesa yako.

Kwa nini usasishe, na kwa nini usikurupuke

OBS Studio ni programu ya bure. Ilianzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, ambaye wenzake humwita Jim, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Ndiyo maana hitilafu hurekebishwa haraka, na ndiyo maana pia hakuna ofisi ya kuipigia simu mambo yakiharibika dakika kumi kabla ya ibada. Fundi wa zamu ni wewe.

Wapo wanaosema kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Kwa siku moja kabla ya tukio, nakubaliana nao bila ubishi. Kwa mwaka mzima, hapana. YouTube na Facebook hubadilisha masharti yao, Windows hubadilika, na aliyebaki nyuma miaka mitatu siku moja hulazimika kuruka matoleo mengi kwa pamoja. Hapo ndipo sini (Scenes) hupotea na plagini hukataa kufunguka. Ni afadhali kupanda ngazi moja moja, siku za kazi, bila watazamaji.

Nambari ya toleo inakuambia nini

Chukua mfano wa 30.2.3. Nambari ya kwanza ikibadilika, tarajia mageuzi makubwa: kompyuta kuukuu huachwa nyuma na plagini za zamani hugoma. Ya kati ikibadilika, kuna vitu vipya, lakini sehemu kubwa ya kazi yako itabaki salama. Ya mwisho ni marekebisho ya hitilafu.

Toleo la 28.0, lililotoka tarehe 31 Agosti 2022, ni somo zuri. Liliacha kabisa kuhudumia Windows 7 na Windows 8, pamoja na kompyuta za biti 32. Plagini zililazimika kutengenezwa upya kwa sababu msingi wa madirisha ya programu ulihamia Qt 6. Hata wale waliokuwa wakibadilisha sini kwa kutumia simu walikuta simu haisikilizwi: kiungo cha obs-websocket kiliingizwa ndani ya OBS kikiwa toleo la 5, na mlango wake ukahama kutoka 4444 hadi 4455. Yote haya yaliandikwa kwenye orodha ya mabadiliko. Aliyeisoma alijipanga. Asiyeisoma aligundua mbele ya watu.

Ikiwa kompyuta yako bado ina Windows 7, toleo lako la mwisho ni 27.2.4. Usihangaike kutafuta jipya zaidi. Tunza faili lake la kusakinisha kwenye flashi mbili, na anza kuchangisha kompyuta nyingine.

Kanuni yangu: toleo linaloishia na .0 ni la watu wenye kompyuta ya akiba. Subiri .1 au .2 ya mwisho, yaani wiki chache, wengine waumizwe kwanza. Matoleo yenye neno Beta au RC ni ya majaribio, na hayana nafasi kwenye kompyuta ya kanisa.

Soma orodha ya marekebisho kwa jicho la Kasulu

Kila toleo huja na orodha ndefu, na mambo yanayowekwa juu mara nyingi hayatuhusu. Rangi za HDR, usimbaji wa AV1 kwa kadi mpya za picha, ubora wa ngazi nyingi kwa wachezaji wa michezo wanaorusha Twitch: ni mambo mazuri, lakini nani hapa Kibondo anarusha HDR kwa bando la usiku? Pita. Shuka chini ukitafuta mambo manne: umeme, mtandao, plagini, na mkono wa mtu wa kujitolea.

*Umeme.* Hadi mwaka 2022 Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Gridi ya taifa ilipofika kutoka upande wa Nyakanazi, hali ilibadilika sana. Hata hivyo msimu wa mvua una radi zake, na betri ya laptop ya mtumba tunaijua. Sasa, faili la MP4 la kawaida huandikiwa ramani yake mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha rekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, unabaki na gigabaiti tatu za faili lisilofunguka. Faili la MKV halina udhaifu huo: linafunguka hadi sekunde za mwisho kabla ya giza. Toleo la 30.2 la Julai 2024 liliongeza aina ya tatu, Hybrid MP4, inayovumilia kukatika kama MKV lakini inafunguka kwenye simu na televisheni kama MP4. Kwa mrushaji wa huku, mstari huo mmoja una thamani kuliko yote ya HDR.

Usidharau rekodi ukidhani laivu ndiyo kazi yenyewe. Sehemu ya watazamaji wako ni ndugu waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta na sasa wanaishi Marekani, Canada au Australia. Ibada inayoanza saa nne asubuhi hapa, Chicago ni saa saba au saa nane usiku, kutegemea msimu. Watu wametoka kazini wamechoka, wamelala. Watatazama baadaye, na watakachotazama ni rekodi.

Toleo la 28 nalo lilileta uwezo wa kukata rekodi vipande vyenyewe, kwa muda au kwa ukubwa. Unafaa sana kwa harusi. Flashi nyingi zinazouzwa madukani zina mpangilio wa FAT32, usiopokea faili moja lenye zaidi ya gigabaiti 4. Kata vipande vya dakika 60, mama wa bibi harusi aondoke na flashi yake siku hiyo hiyo.

*Mtandao.* Tangu toleo la 24 la mwaka 2019, OBS inaweza kupunguza bitireti yenyewe mtandao unaposongamana na kuipandisha tena unapofunguka. Imefichwa: nenda Settings, kisha Advanced, shuka hadi sehemu ya Network, uweke tiki kwenye "Dynamically change bitrate to manage congestion". Picha itafifia kidogo badala ya kukatika. Nashangaa ni wangapi wanarusha kwa hotspoti ya simu bila kuigusa.

*Plagini.* Toleo la 30.0 la Novemba 2023 lilileta Safe Mode, yaani kuwasha OBS bila plagini yoyote uliyoongeza. Ni kipimo kizuri cha kumtambua mkosaji: OBS ikiganda kawaida lakini isigande kwenye Safe Mode, kosa liko kwenye plagini. Ila kuna mtego, na huku kwetu una makali zaidi. OBS ikizimika ghafla, kwa mfano umeme ukikatika, ikiwaka tena hukuuliza kama unataka kuingia Safe Mode. Ukikubali kwa haraka, kamera inayokuja kwa NDI, yaani kupitia mtandao wa ndani, inapotea, kidhibiti cha simu kinakufa, na utaapa kwamba toleo jipya limeharibu kila kitu. Hakuna kilichoharibika. Funga, washa upya, chagua kuendelea kawaida. Toleo la 32.0 la Septemba 2025 limeongeza dirisha la kusimamia plagini, hivyo unaweza kuzima moja bila kugusa nyingine.

Jambo dogo la kukumbuka: plagini iliyokuwa ikiitwa obs-ndi ilibadilishwa jina mwaka 2024, sasa ni DistroAV. Ukitafuta jina la zamani utaletewa vitu vya zamani.

*Mkono wa kujitolea.* Kompyuta ya kanisa hushikwa na watu watano. Mmoja anafuta chanzo cha kamera bila kujua, mwingine anahamisha folda ya picha za mandharinyuma. Toleo la 27 la mwaka 2021 ndilo lililoleta Ctrl+Z ya kurudisha kilichofutwa, na dirisha linaloorodhesha mafaili yasiyoonekana ili uyaelekeze yalikohamia. Katika 27.1 ikawezekana kuingia kwa akaunti ya YouTube ndani ya OBS bila kunakili ufunguo wa matangazo kila wiki. Hakuna aliyeyapigia debe maboresho haya, lakini yameokoa Jumapili nyingi.

Kabla ya kugusa chochote: nakala

Kazi hii haizidi dakika kumi. Usiiruke.

1. Fungua Help, kisha About, uandike nambari ya toleo lako la sasa kwenye daftari la mitambo. Daftari la karatasi, ndiyo.
2. Fungua menyu ya Scene Collection, chagua Export, uhifadhi faili kwenye flashi. Hizo ndizo sini zako.
3. Fungua menyu ya Profile, chagua Export. Hiyo ni mipangilio ya bitireti, rekodi na akaunti.
4. Fungua File, kisha Show Settings Folder, unakili folda nzima ya obs-studio kwenye flashi hiyo hiyo.
5. Nakili pia picha, video na maandishi yanayotumiwa na sini. Export haiyabebi, inabeba anwani zake tu.
6. Tafuta faili la kusakinisha la toleo ulilonalo sasa, ulihifadhi. Hiyo ndiyo tiketi yako ya kurudi.

ONYO: Folda ya Profile ina ufunguo wako wa matangazo ya YouTube au Facebook. Anayeupata anaweza kurusha chochote kwenye chaneli ya kanisa lako. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp, hata la mafundi. Umeshaituma? Ingia YouTube Studio leo, badilisha ufunguo.

Pakua mara moja, kwa anwani sahihi

Faili la kusakinisha OBS lina zaidi ya megabaiti 100. Hakuna sababu ya vikundi vitano vya mji mmoja kulipakua mara tano. Mmoja apakue, wengine wachukue kwa flashi.

Lipakue obsproject.com au kwenye ukurasa rasmi wa mradi huo GitHub, basi. Usibonyeze tangazo linalokaa juu ya matokeo ya Google. Januari 2023 mtu mmoja anayejulikana katika soko la NFT alipakua OBS bandia kupitia tangazo la namna hiyo, na wezi wakachukua akaunti zake na mali yake ya kidijitali. OBS haiuzwi. Fundi anaweza kukutoza ujira wa kuisakinisha, hilo ni jasho lake, lakini anayekuuzia "OBS Pro" anakuibia.

Jaribu pembeni kwanza

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui: unaweza kuwa na matoleo mawili ya OBS kwenye kompyuta moja yasigusane. La zamani linabaki kwa ajili ya Jumapili, jipya linajaribiwa kwenye folda yake.

1. Badala ya faili la kusakinisha, pakua lile la zip la Windows.
2. Tengeneza folda, mfano D:\OBS-majaribio, ufungulie zip humo.
3. Ndani ya folda hiyo, pale inapoonekana folda ya bin, tengeneza faili tupu la maandishi uliite portable_mode.txt. Faili hilo ndilo linaloiambia OBS itunze mipangilio yake hapo hapo.
4. Ingia bin, kisha 64bit, uwashe obs64.exe.
5. Leta sini zako kwa Scene Collection, Import, kisha mipangilio kwa Profile, Import.
6. Plagini hazitakuja zenyewe. Pakua toleo la kila plagini linaloendana na OBS hii mpya, uliweke kwenye folda ya majaribio. Plagini isiyo na toleo jipya ni sababu tosha ya kusubiri.

Usiwashe OBS zote mbili kwa pamoja. Kamera nyingi za USB na kapcha kadi hukubali programu moja tu, na utaona kisanduku cheusi ukidhani ni hitilafu.

Jaribio la kwanza lisile bando: rekodi tu. Rekodi dakika 20 ukibadilisha sini zote, ukiongea kwenye maikrofoni, ukicheza wimbo. Kisha ifanyie ukatili. Rekodi ikiwa inaendelea, fungua Task Manager, iue OBS. Washa upya, tazama kama rekodi inafunguka. Isipofunguka, rudi Settings, Output, Recording, uweke MKV au Hybrid MP4. Unaweza kugeuza MKV kuwa MP4 baadaye kwa File, kisha Remux Recordings. Haipunguzi ubora, na faili la saa mbili huchukua muda mfupi.

Jaribio la pili ndilo la kurusha. YouTube weka Unlisted, Facebook weka Only me, usiwasumbue waumini. Bando linahesabika: video ya 720p kwa kilobiti 1,500 kwa sekunde na sauti ya 128 hula takriban megabaiti 730 kwa saa. Ukipandisha hadi 2,500, ni karibu gigabaiti 1.2 kwa saa. Kwa hiyo dakika 20 za jaribio katika bitireti ya chini ni kama megabaiti 250. Ibada ya saa tatu ni gigabaiti 2.2. Nunua zaidi ya hapo, maana Windows nayo ina njaa. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, weka hotspoti yako kuwa "Metered connection", la sivyo itaanza kujisasisha katikati ya mahubiri kwa bando lako.

Kosa ni la nani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa toleo jipya si zake. Fungua Docks, kisha Stats. Kwa matoleo ya zamani iko chini ya View. Tazama mistari mitatu wakati unarusha.

"Dropped frames" ni mtandao. Mstari huu ukipanda, fremu zimetoka kwenye OBS zikakosa njia ya kupita. Hakuna sasisho litakaloponya hili. Punguza bitireti, badilisha laini, sogeza simu ya hotspoti dirishani. Kabla ya mkutano wa injili Makere au harusi Mabamba, nenda eneo lenyewe na laini za mitandao miwili, upime kasi ya kupandisha, si ya kushusha, saa ile ile tukio litakapofanyika. Mnara mmoja unaotumiwa na watu kumi asubuhi si mnara ule ule wakati uwanja umejaa simu. Bitireti yako isizidi nusu ya kasi uliyopima.

"Skipped frames due to encoding lag" ni kichakataji kimezidiwa. Ukitumia x264, hamia kwenye usimbaji wa maunzi: QuickSync kwa laptop nyingi za Intel, NVENC kwa zenye kadi ya NVIDIA. Ikiwa huna, kaa 720p kwa fremu 30 na uchague preset ya superfast.

"Frames missed due to rendering lag" ni kadi ya picha imechoka. Funga kivinjari, ondoa madoido, na chomeka chaja, kwa kuwa laptop nyingi hujipunguzia nguvu zikiwa kwenye betri.

Mistari yote mitatu ikiwa safi na bado picha inakwama au sauti inaachana na midomo, hapo ndipo uanze kulishuku toleo. Sauti ikichelewa au kutangulia kwa kiasi kile kile muda wote, rekebisha Sync Offset kwenye Advanced Audio Properties. Ikizidi kuachana kadiri muda unavyopita, hakikisha mikisa, Windows na OBS zote ziko kwenye 48 kHz.

Makosa yanayorudiwa

Kubwa kuliko yote ni kusasisha OBS, plagini, na draiva ya kadi ya picha siku moja. Kikiharibika kitu, hutajua ni kipi. Kimoja kwa wakati, kisha jaribu.

Lingine ni kuondoa toleo la zamani na kuweka tiki kwenye User Settings wakati wa kuondoa. Tiki hiyo hufuta sini zote. Kwa kawaida haihitajiki hata kuondoa: sakinisha jipya juu ya la zamani.

Wengine hufungua sini zao kwenye toleo jipya, wakashindwa, wakarudi la zamani kwa sini zile zile zilizokwisha kuguswa. Toleo la zamani halisomi daima kilichoandikwa na jipya. Ukirudi nyuma, rudi na nakala uliyoitoa kabla.

Na kuna wanaosakinisha toleo jipya kwa sababu rangi za dirisha zimebadilika na wanazitaka. Mandhari ya Yami iliyokuja na 28 ni nzuri, kweli. Lakini ukibadilisha mwonekano, wafundishe wasaidizi wako siku ya mazoezi ya kwaya. Kijana aliyezoea kitufe mahali fulani atakitafuta hapo hapo padre akiwa madhabahuni.

KISANDUKU: Mabadiliko yasiyo ya OBS

Wakati mwingine kilichobadilika ni upande wa pili wa waya.

Facebook, tangu Juni 2024: akaunti iwe na angalau siku 60, na ukurasa uwe na wafuasi 100, ndipo urushe laivu.
Facebook, tangu Februari 2025: video mpya za laivu hukaa siku 30 kisha hufutwa. Pakua mapema.
YouTube kwa simu: chaneli iwe na wafuatiliaji 50. Kwa OBS sharti hilo halipo, lakini uthibitishe namba ya simu, na kuwashwa kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24.
YouTube, tangu Julai 2025: anayerusha peke yake awe na umri wa miaka 16 au zaidi.
YouTube: laivu ikizidi saa 12 haihifadhiwi yote yenyewe. Wenye ibada za mkesha wa mwaka mpya, mjihadhari.
TCRA: ukivuka kutoka kurusha ibada na harusi hadi kuendesha televisheni ya mtandaoni ya habari, unahitaji leseni chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni. Uliza kwanza.

Orodha ya ukaguzi, Jumamosi jioni

☐ Dirisha la sasisho likitokea: nikumbushe baadaye
☐ Toleo ni lile lile lililopita jaribio la Jumanne
☐ Rekodi iko MKV au Hybrid MP4
☐ Diski ina nafasi ya angalau mara mbili ya rekodi inayotarajiwa
☐ Bitireti inayojirekebisha imewekewa tiki
☐ Wi-Fi ni Metered, sasisho za Windows zimesitishwa
☐ Chaja imechomekwa. Flashi yenye nakala na faili la toleo la zamani iko mfukoni
☐ Laini ya pili ina bando
☐ Aliye zamu anajua kukataa Safe Mode umeme ukirudi

Ukikuta hitilafu ya kweli, iandike

Hitilafu hurekebishwa kwa sababu mtu fulani aliieleza vizuri. Mara tu baada ya tatizo, kabla hujafunga programu, fungua Help, kisha Log Files, kisha Upload Current Log File. Utapewa kiungo; kihifadhi. Kama programu imekufa, iwashe, uchague Upload Previous Log File. Kisha ingia kwenye ukurasa wa mradi GitHub, tafuta kwanza kama mwingine ameshaliripoti. Kama hakuna, andika mambo manne kwa Kiingereza chepesi: ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, kilitokea nini, na toleo la OBS na la Windows. Weka kiungo cha logi. Usiandike malalamiko. "Haifanyi kazi" haimsaidii mtu, bali "nikikata umeme wakati wa kurekodi Hybrid MP4 kwenye flashi, faili halifunguki" ni ripoti ambayo mtu ataikalia usiku kucha.

Kama Kiingereza kinakusumbua, mwombe mwalimu wa sekondari akusaidie sentensi tano. Wanaoitengeneza OBS wengi wao hawajawahi kurusha ibada kwa hotspoti ya simu huku radi ikipiga Heru Juu. Watajua tu ukiwaandikia, basi waandikie.